Bajeti ya Chakula Haivunjwi na Kiroba cha Mchele, Inavunjwa na Nyanya

Dada mmoja wa Mbagala ametuandikia. Kwao wako watano, wazazi na watoto watatu. Mshahara ukiingia wananunua vyote siku hiyohiyo: mchele, unga, maharage, mafuta, sukari. Ikifika tarehe 17 hela ya chakula imekwisha, baba wa nyumba anauliza imekwenda wapi, na yeye mwenyewe hana jibu. Anataka kujua kama ahamie kununua mchele wa bei ndogo zaidi.

Hapana, dada yangu. Mchele uache ulivyo.

Tupige hesabu kwa bei za mfano. Wewe weka za mtaani kwako. Nyumba ya watu watano ikipika wali mara 25 kwa mwezi, gramu 700 kila sufuria, inakula kilo 17 na nusu. Kwa 2,800 kilo ni shilingi 49,000. Sasa geukia genge, kile kibanda cha mboga cha mtaani. Nyanya 1,000, vitunguu 500, hoho na karoti 500, nazi 1,200, mchicha au matembele 500, ndimu na pilipili 300. Jumla 4,000 kwa siku, yaani 120,000 kwa mwezi, na hapo hujagusa samaki wala nyama. Mchele unaoulaumu ni chini ya nusu ya hela ya genge. Ila kwa kuwa mchele unalipwa mara moja, unauma. Genge linalipwa jero jero, mia tano mia tano, halimuumi mtu.

Kosa la kwanza liko kwenye kugawa. Wengi huchukua hiyo 120,000, wakaigawa kwa nne, wakaweka 30,000 kila wiki. Wiki nne ni siku 28. Siku mbili au tatu za mwisho hazina hela, na ndizo siku ambazo mshahara bado na daftari la madeni la Mangi, mwenye duka la mtaani, linafunguliwa. Gawa kwa 30 kwanza, upate 4,000, kisha zidisha kwa saba: 28,000 kwa wiki. Ile 8,000 inayobaki ni ya tarehe 29 na 30, ikae bahasha yake. Mwezi wa siku 31 tenga hela ya siku hiyo mapema, usisubiri ikufikie. Na kama hela iko kwenye simu, itoe mara moja kwa wiki, kwa sababu ukitoa elfu nne nne kila siku makato yatakula mchicha wako wote.

Sasa nyanya zenyewe. Nyumba ya watano inayopika sufuria mbili za mchuzi kwa siku hutumia kama gramu 400, karibu kilo mbili na nusu hadi tatu kwa wiki. Hiyo ni sado moja, lile kopo la kupimia la sokoni. Kwa mafungu ya genge umelipa 7,000. Sokoni, Temeke Stereo au Tandika, tuseme sado ni 4,500, na nauli ya daladala kwenda na kurudi 1,200. Umeokoa 1,300 tu, na jasho juu. Kwa hiyo safari ya soko kwa ajili ya nyanya peke yake haina maana. Ina maana ukirudi pia na vitunguu, karoti, nazi na viazi vya wiki nzima, kwa nauli ileile.

Halafu nyanya za sado huoza kabla ya Alhamisi, na hapo ndipo watu wanaposema kununua kwa wingi ni hasara. Zinaoza kwa sababu zimeachwa ndani ya mfuko zilimotoka sokoni. Ukifika nyumbani zimwage, uzichambue mafungu matatu. Zilizopondeka na zilizoiva sana zipikwe siku hiyohiyo. Zile za kati na zile ngumu zipange kwenye sinia au ungo, safu moja, kikonyo kikitazama chini, mahali penye hewa pasipo jua. Usizioshe mpaka unapozitumia. Hizo zilizoiva sana kwaruza au saga, chemsha bila mafuta mpaka maji yakauke na uji wake ushike mwiko, ukiacha upoe ugawe kwenye vikopo, kila kimoja cha kutosha mchuzi mmoja. Kwenye friji vinakaa siku nne hivi, kwenye friza hata mwezi. Asiye na friji achague ngumu nyingi zaidi pale sokoni, na anunue nusu sado mara mbili kwa wiki. Vitunguu navyo usivilaze pamoja na viazi. Vyote viwili huharibika upesi, viazi vikaanza kuchipua.

Nazi nunua kwa idadi ya mapishi ya wiki, si kwa macho. Itikise: isiposikika maji, iache.

Mafuta ndiyo yanayofuata kwa kuvuja. Dumu la lita tano kwa siku 30 ni mililita 166 kwa siku, kama vijiko 11 vya chakula kwa mapishi yote. Anayepika akimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, mkono haujui mililita. Kupima kwa macho hufika 270 kwa urahisi, na dumu linakauka tarehe 18. Karibu na ile tarehe 17 unayoijua wewe. Dawa yake ni chupa tupu ya maji ya lita moja. Kila Jumapili ijaze kutoka kwenye dumu, dumu lirudi juu ya kabati. Lita moja kwa wiki inakufikisha mwisho wa mwezi na karibu robo tatu ya lita imebaki, ya chapati za wikiendi au ya wageni. Toboa kizibo tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, mafuta yatoke kwa uzi. Mafuta ya kukaangia samaki chuja, weka kando, tumia kwa samaki tena mara moja au mbili. Yakishaanza kutoa povu au kunuka, yamwage.

Kama una dada wa kazi, kabla hujamshuku weka kikombe kimoja ndani ya ndoo ya mchele na kisitoke humo. Kikombe cha chai cha kawaida kinachukua kama gramu 200, kwa hiyo kilo moja ni vikombe vitano. Watu watano, watatu wao wadogo, vikombe vitatu na nusu vinatosha. Anayepika haibi wala hafuji kwa makusudi. Anapika kwa kuogopa aibu ya chakula kutotosha, na ukoko unaotupwa asubuhi ndio bei ya woga huo. Mpe kipimo, woga utaisha. Sukari vilevile: vikombe viwili vya chai kwa siku, vijiko viwili kila kikombe, watu watano, ni vijiko 20, karibu gramu 100. Kilo tatu kwa mwezi. Ukitumia tano, basi kuna uji au juisi usiyoihesabu.

Kununua robo robo kwa Mangi kunalaumiwa kuliko inavyostahili. Kilo ya sukari ikiwa 3,000 na robo 800, umepoteza 200 kwa kilo, 600 kwa mwezi. Si hiyo inayokufilisi. Kinachokugharimu ni kwamba kila unapofuata robo ya sukari unarudi na mkate, juisi ya watoto na biskuti.

Sado nalo lina mambo yake. Ni kopo la rangi la lita nne, na kopo si mizani. Maharage makavu yakijaa vizuri hukaribia kilo tatu, lakini kopo lililobonyezwa tumbo au kusukumwa kitako kwa ndani linakuibia gramu mia kadhaa bila muuzaji kusema neno. Pitisha mkono ndani kabla hajapima. Afadhali zaidi, siku moja tu chukua sado lake ukapime kwenye mizani ya duka lingine yenye stika ya Wakala wa Vipimo, uandike uzito, kisha ugawe bei. Mara nyingine utakuta anayeuza kwa kilo ndiye mwenye nafuu, ingawa bei yake inatisha ukiisikia.

Si kila kitu ni cha kurundika. Dona ina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta. Baada ya wiki chache unga unakuwa mchungu, hasa kwenye joto la Dar. Sagisha wa wiki mbili tu. Sembe inavumilia, lakini kiroba cha kilo 25 kwa nyumba inayokula kilo 20 maana yake kilo tano zinasubiri wadudu. Mchele hausumbui ukikaa kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Ndoo ya lita 20 inabeba kilo 16 hivi. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima epuka hata yakiwa na bei nzuri: hayaivi, na unachookoa dukani unakichoma kwenye gesi. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, ndipo ubandike.

Kuhusu misimu nitasema kidogo. Mchele mpya hushuka kuanzia Juni hadi Agosti. Mwenye uwezo wa kuweka wa miezi miwili auweke hapo. Masika nyanya hupanda, ongeza hela ya genge ukapunguze kwingine. Ramadhani mihogo, magimbi, ndizi na nazi hazishikiki, na mfungo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili bajeti ya mwaka jana kwa jina la mwezi. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa zilipokwamisha viwanda, kilo ya sukari ilivuka 4,000 sehemu nyingi. Aliyekuwa na akiba ndogo ya bei, tuseme 10,000 isiyo na jina la bidhaa, hakulazimika kugusa hela ya mboga.

Deni la Mangi lisilipwe kutoka kwenye hela ya chakula. Ukilipa 40,000 yote siku ya mshahara, mwezi mpya umeanza na pengo, na tarehe 20 utakopa tena 40,000 ileile. Mwombe ligawike miezi mitatu, na katika miezi hiyo daftari lisiongezwe hata kiberiti.

Siku ya mwisho ya mwezi, ukishapika, pima kilichobaki. Mchele umebaki vikombe kumi? Ni kilo mbili. Andika kwa chaki kwenye mfuniko wa ndoo, na orodha ya mwezi ujao iandike kilo 15 na nusu badala ya 17 na nusu.