Tandiko la babu halina kiu ya mafuta

SWALI: Mke wangu ni Mmarekani, tunaishi Denver. Amerithi tandiko la farasi la babu wa babu yake, aliyekuwa kauboi Wyoming. Ukiligusa, vidole vinabaki na unga mwekundu, na kwenye vifungo vya shaba kuna utando wa kijani. Tumeambiwa ngozi imekauka. Tulipake mafuta gani?

JIBU: Msipake chochote. Kila wiki naulizwa "mafuta gani". Sijaulizwa bado kama yanahitajika.

Unga huo si ukavu. Ngozi za zamani zilizolainishwa kwa magome ya miti zilifyonza salfa ya moshi wa makaa ya mawe, ikageuka asidi na kukatakata nyuzi kwa ndani. Mafuta hayaungi nyuzi. Yanaifanya ngozi iwe nyeusi, inate na kuzoa vumbi. Maji na sabuni ya matandiko ndiyo mabaya zaidi: ngozi ya namna hii ikilowa hubaki na weusi usiotoka. Na huo utando wa kijani, kwa kawaida ni mafuta ya waliowatangulia yakila shaba. Utoeni polepole kwa kijiti cha mbao.

Najua ushauri unakotoka. Kauboi alipaka mafuta ya kwato za ng'ombe kwa sababu kesho yake alipanda farasi mvuani. Lenu halipandwi tena, ila hao wataalamu wa video, chupa mkononi, kwao tandiko ni tandiko. Mwaka jana nililetewa moja linanukia nazi kama wali wa harusi. Maua yaliyochongwa kwenye ngozi yamejaa uchafu wa kunata, muhuri wa fundi hausomeki. Sasa nani atasema kama ni kazi ya F. A. Meanea, fundi matandiko wa Cheyenne, Wyoming, au ya mwingine?

Wengine hung'oa manyoya ya kondoo ya chini, wakaweka mapya, wakafunika pembe ya mbele, kile kigingi cha kuzungushia kamba, kwa ngozi mpya "lipendeze". Ile michirizi kwenye pembe ni alama za kamba iliyozungushwa huku dume la ng'ombe likivuta upande wa pili. Ukiifunika, umebaki na kiti.

Lenu lipigeni picha, muhuri kwanza. Liwekeni juu ya gogo lililofunikwa kitambaa cha pamba, mbali na jua na hita. Unga unazuiwa na mhifadhi wa ngozi, kwa aina ya selulosi iliyobadilishwa kikemikali na kuyeyushwa kwenye spiriti. Hiyo msijaribu jikoni.