Umeme umerudi, kompyuta imegoma kuwaka: fundi anajibu wasomaji

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina steshenari hapa Mtwara mjini, natumia desktopu moja tu ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 ile ya kusimama, ndo inayoendesha ofisi nzima, kuchapa, kuprinti, kuombea watu vyeti na ajira mtandaoni. Juzi jioni umeme ulikatika ghafla niko katikati ya kazi, ukarudi, ukakatika tena palepale, uliporudi mara ya pili kompyuta haikuwaka. Nabonyeza swichi kimya, hakuna feni, hakuna taa. Monita yenyewe inawaka, inaandika haipati signali. Kuna kijana alikuja kuangalia akasema windo (Windows) imekufa, nimpe aende nayo akapige windo upya. Nimesita kwa sababu humo ndani kuna kazi za wateja, makaratasi ya chama cha msingi cha korosho na mitihani ya shule mbili. Kingine, nikigusa kava la kompyuta nikiwa peku huwa nasikia kama inanitekenya mkono. Naomba msaada kaka, msimu ndo huu. (Msomaji, Chikongola, Mtwara)

JIBU: Pole sana dada yangu, na hapo uliposita umefanya la maana kuliko yote. Kompyuta ambayo hata feni haizungushi haijafika kwenye windo. Windo ni programu, imekaa ndani ya hadi diski (kifaa kinachotunza mafaili yako), na inaanza kusomwa baada ya umeme kuingia pawa saplai (lile boksi linalopokea umeme wa ukutani), ukafika mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), mazabodi ikajikagua ikaridhika, ndipo sasa diski inaulizwa kuna nini humo. Yako imekwama huko mwanzo kabisa. Sasa mtu akikwambia mashine isiyowaka ipigwe windo, jua kwamba atakachofanya ni kuirekebisha pawa (ambako ndiko tatizo liliko), kisha afute diski yako bila sababu na akulipishe vyote viwili. Hili linaniuma kwa sababu hapa kusini watu wanapoteza picha za marehemu wazazi wao, hesabu za vikundi, vitabu vizima vya notsi, kwa tatizo ambalo halikuwa la diski hata kidogo. Mwambie huyo kijana asante, mashine haitoki ofisini.

Kazi ulizokuwa umesevu kwa asilimia kubwa zipo salama. Ile uliyokuwa unaichapa muda ule bila kusevu ndo usiitegemee sana.

Haya, tuufuate umeme kuanzia ukutani, usiruke hatua. Waya wa monita na waya wa kompyuta mara nyingi vichwa vyake ni vilevile, na monita yako inawaka, kwa hiyo chomoa waya wa monita uchomeke kwenye kompyuta, tundu la ukutani liwe lilelile la monita. Hapo kwa dakika moja umeshapima waya, soketi na ekstensheni bila kumwita mtu. Ikiwaka, tatizo lilikuwa waya au lile tundu la ekstensheni, na ekstensheni zetu hizi za bei rahisi vibati vya ndani vinalegea na kuungua taratibu bila mtu kuona.

Isipowaka, chomoa kila kitu kilichochomekwa nyuma na mbele, printa, mausi, flashi, spika, kila kitu, pamoja na waya wa umeme wenyewe. Kisha bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie kama nusu dakika, uache mashine ikae dakika kadhaa, urudishe waya wa umeme peke yake, ujaribu. Watu wanaona kama ushirikina lakini sababu yake ipo wazi: pawa saplai ina ulinzi ndani yake, umeme ukiingia na kutoka harakaharaka kama ulivyosema ulinzi ule unajifunga, na unaweza kubaki umejifunga muda wote ambao kuna chaji imebaki ndani. Ukishikilia swichi unaimaliza ile chaji. Kwa jinsi ulivyoeleza, umeme kurudi na kukatika palepale, hii ndo hatua ninayoipa matumaini zaidi. Na ikiwaka, rudisha vifaa kimoja kimoja, maana flashi au mausi yenye shoti nayo inaweza kuizuia mashine isiwake.

Bado kimya? Hapo sasa Dell yako ina faida. Angalia nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kuna kitufe kidogo sana na kitaa pembeni yake. Waya ukiwa umechomekwa, kibonyeze. Taa ikiwaka kijani, pawa saplai inatoa umeme. Isipowaka usikimbilie kununua nyingine, chomoa kwanza waya wa ukutani, fungua kava, toa vichwa vyote vya pawa saplai vinavyoingia mazabodi na kwenye diski, kisha rudisha waya wa ukutani ubonyeze tena. Ikiwaka safari hii, pawa saplai ni nzima, kuna kitu kingine kinavuta shoti. Isipowaka tena, imekufa yenyewe, na mimi naona ndo mwisho mwepesi kuliko yote kwa sababu spea zake zipo kwa mafundi wa kompyuta za mtumba.

Ila spea uitaje kwa jina lake lote. 7010 ya kusimama inatumia kichwa cha pini 24 kama kompyuta nyingi, pawa saplai yake ni ya wati 275. 7010 ile nyembamba ina ya wati 240 yenye umbo lake la pekee, haiingii kwenye yako wala yako haiingii kwake. Afu modeli zilizofuata, 3020, 7020, 9020, zina kichwa cha pini 8, ukienda dukani ukasema tu nataka pawa ya Dell unaweza kurudi na kitu kisichoingia popote.

Na tafadhali, pawa saplai yenyewe usiifungue, wewe wala kijana yeyote anayejifunzia kwako. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa mle ndani unakaa kwenye kapasita kubwa (kifaa kinachotunza chaji) kwa volti kama 325, na unaweza kubaki humo hata waya ukiwa umechomolewa. Kapasita hiyo inaua.

Kama pawa ni nzima, ukiwa umeshafungua kava tazama kwa tochi ya simu. Tafuta vile vipipa vidogo vya kapasita kwenye mazabodi, vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa kabisa, kikivimba juu au kikatoa uji wa kahawia hiyo ni kazi ya fundi mwenye pasi ya kulehemu. Nusa pia, harufu ya kuungua haijifichi. Angalia wadudu: mimi nimeshakuta mjusi amekaukia juu ya mazabodi, mkia umegusa pini huku miguu imegusa pini nyingine, mashine ikawa inakataa kuwaka mpaka alipotolewa na pale mahali pakasafishwa kwa brashi na spiriti. Kisha chomoa RAM (kile kibao chembamba cha kumbukumbu) uirudishe mpaka isikike inabana pande zote mbili. Na swichi ya mbele yenyewe inachoka, waya wake mwembamba ukifika mazabodi unakaa kwenye pini mbili, fundi anazigusanisha hizo pini kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, mashine ikiwaka basi mgonjwa alikuwa swichi tu.

Kuhusu kazi za wateja, usisubiri spea. Hadi diski inatoka kwa nyaya mbili tu, unaichomeka kwenye laptopu ya mtu kwa adapta ya SATA (kichwa cha diski) kwenda USB, unakopi mafaili yako yote siku hiyohiyo na chama cha msingi wanapata makaratasi yao. Angalizo: diski ya desktopu ni ile kubwa ya inchi 3.5 na inahitaji volti 12 ambazo USB haitoi, kwa hiyo omba adapta yenye umeme wake wa ukutani. Kile kiwaya cha diski ndogo za laptopu hakiwezi kuizungusha, na watu wakiona haizunguki wanasema diski imekufa kumbe ina njaa ya umeme.

Sasa hilo la kutekenywa, usilichukulie kawaida. Ina maana kava la kompyuta halina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Kwenye pawa saplai kuna kichujio kinachomwaga umeme kidogo sana kwenye kava ili uende ardhini, njia ya ardhini ikikosekana kava linabaki na kama nusu ya umeme wa ukutani, ndo huo unausikia ukiwa peku. Wenyewe ni mdogo, lakini siku pawa saplai ikipiga shoti ya kweli hakuna kitakachokulinda. Na nahisi chanzo nakijua: mashine nyingi za mtumba zinatoka Ulaya na waya wenye vichwa viwili vya duara, na sisi tunafanyaje, tunachomeka mfuniko wa kalamu kwenye lile tundu la juu la soketi ili matundu ya chini yafunguke, tunasukumia. Inawaka ndiyo, lakini ethi haijagusa chochote. Nunua waya wa pini tatu bapa wenye fyuzi yake, ni hela ndogo sana. Ukibadilisha na bado inatekenya, tatizo lipo kwenye waya za jengo, mwambie mwenye fremu alete fundi umeme apime ethi. Mpaka hapo usiiguse ukiwa peku.

Ikishapona, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi (bonyeza F2 ikiwa inaanza kuwaka), tafuta sehemu ya AC Recovery uiweke iwe inabaki imezimwa umeme ukirudi, ili isijiwashe yenyewe kwenye umeme ambao bado haujatulia. Umeme ukikatika zima ukutani, ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Na UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) kwa steshenari si anasa, ila ichomeke kompyuta na monita tu. Printa ya leza na fotokopi usithubutu, zile zinapopasha moto zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo inazidiwa inazima kila kitu.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu Lindi. Kompyuta ya shule ni HP Compaq, tulifunga shule ikiwa nzima, tumefungua feni inazunguka lakini kioo cheusi, inapiga mlio mara 5 inatulia inarudia, na taa ya swichi inapepesa nyekundu. (Msomaji, Lindi)

JIBU: Mwalimu, mashine imeshakwambia. Kwenye hizo HP Compaq milio 5 na taa nyekundu kupepesa mara 5 ni RAM (zingekuwa 4 ningesema pawa, 2 ningesema joto). Milio itaacha yenyewe baada ya muda lakini taa itaendelea, kwa hiyo hesabu taa. Mashine kukaa likizo nzima bila kuwashwa, madirisha wazi, upepo wa bahari una unyevu na chumvi, zile pini za dhahabu za RAM zinapata utando usioonekana kwa macho. Chomoa umeme, toa RAM, sugua pini zake taratibu kwa raba safi ya penseli, futa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu, rudisha. Zikiwa mbili jaribu moja moja, na kila moja uijaribu kwenye tundu zaidi ya moja, maana saa nyingine RAM ni nzima tundu ndo bovu. Likizo ijayo tafuteni mtu wa kuziwasha mara kwa mara, ule ujoto wa kazi unafukuza unyevu.

SWALI: Yangu inawaka vizuri ila kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka, na mitandao inakataa kufunguka. (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Betri ya mazabodi imeisha, ile ya duara kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inapatikana hata kwa mafundi saa. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani iko mwaka mwingine inaviona havifai. Chomoa umeme, bana kile kichuma cha pembeni betri iruke, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, washa, ingia BIOS urekebishe tarehe na saa, sevu. Na ukiwa humohumo hakikisha mpangilio wa diski haujabadilika, kwenye baadhi ya mashine betri ikifa nao unarudi mwanzo, na kompyuta inakwambia haioni windo wakati ipo.