Ali wa 1966 angemfanya nini Fury? Na wewe, kichwa kinakuuma tangu lini?

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu. Barazani kwetu hapa Wete tunabishana kila usiku. Mimi nasema Muhammad Ali wa ubora wake angewashinda Tyson Fury na Oleksandr Usyk, kwa sababu angeegemea kamba kama alivyofanya Kinshasa, awaache wapige mpaka wachoke. Wenzangu wanasema mabondia wa leo ni wakubwa mno, wangemvunja. Mimi nina miaka 20, mwaka wa pili huu nafanya ndondi, na mtindo wangu ndio huo wa kamba. Anayetufundisha hutwambia tupokee ngumi ili kichwa kikomae. Baada ya sparingi, yaani kupigana na mwenzangu kwa mazoezi, kichwa huniuma siku mbili tatu, kisha hupoa. Nani mkweli kati yetu?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na wenzako, maana jibu lao ni fupi. Mei 2024 kule Riyadh Usyk alipima yapata kilo 101, Fury karibu 119. Usyk akashinda kwa pointi, na raundi ya tisa almanusura amlaze. Wakarudiana Desemba, Fury akaja mzito zaidi, akashindwa tena. Usyk ana urefu wa sentimita 191, na akinyoosha mikono yote miwili inafika 198. Vipimo vya Ali ni hivyo hivyo. Habari ya Ali kuwa mdogo imeishia hapo.

Na kama wanataka mtu aliyevuka enzi kwelikweli, yupo George Foreman, huyo huyo aliyelazwa Kinshasa mwaka 1974. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimlaza bingwa Michael Moorer raundi ya 10. Moorer alikuwa na miaka 26, na mpaka inatua ngumi ile alikuwa anaongoza kwa pointi. Foreman miguu ilikuwa imekwisha zamani. Ngumi ilikuwa bado ipo.

Sasa wewe. Unasema Ali wa ubora wake, kisha unanipa Ali wa Kinshasa. Hawa ni watu wawili. Kosa hili nalisikia kila wiki, kwa watu wazima na kwa watoto wa skuli, na ndilo linalonifanya nikujibu kwa urefu.

Ali wa ubora wake ni wa 1966 mpaka Machi 1967, kijana wa miaka 24, 25, kabla hajavuliwa ubingwa kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam na kukaa nje ya ulingo miaka mitatu na nusu. Ali huyo hakuishi kwenye kamba. Tazama pambano lake na Cleveland Williams, Houston, tarehe 14 Novemba 1966, na usitazame mikono, tazama miguu. Williams akihamishia uzito mguu wa mbele ili apige, Ali ameshaondoka nusu hatua. Glavu inapita mbele ya kidevu, haigusi, na kabla Williams hajaurudisha mkono wake, wa Ali umeshafika usoni. Raundi ya tatu mambo yakaisha. (Tuseme haki: Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi miaka miwili nyuma, hakuwa yule wa zamani. Lakini miguu ya Ali ndiyo ile ile.)

Miguu kama hiyo haina enzi. Mimi kwa Fury nampa Ali, kwa pointi, bila wasiwasi. Usyk ni kazi nyingine, maana ni mtu wa mashoto. Miezi miwili kabla ya Houston, kule Frankfurt, Ali alikutana na Mjerumani Karl Mildenberger, naye wa mashoto, akasumbuka mpaka raundi ya 12 ndipo refa akasimamisha. Na Mildenberger si Usyk. Ali pia alikuwa na tabia ya kuvuta kichwa nyuma moja kwa moja, na ngumi ya pembeni ya mkono wa kushoto ikamkuta: Henry Cooper alimwangusha London mwaka 1963, Joe Frazier New York mwaka 1971. Kwa raundi 12 za leo nampa Usyk kwa tofauti ndogo. Kwa raundi 15 za zamani nampa Ali.

Kinshasa sasa. Alikuwa na miaka 32, miguu imepungua, na mbele yake yupo Foreman aliyeshinda mapambano yote 40 aliyopigana. Alizishika kamba kwa sababu hakuweza tena kucheza raundi nzima kwa miguu. Kamba zile zilikuwa mkongojo wake, na nyinyi vijana mmeuchukua mkongojo mkauita mtindo. Alishinda, ndiyo, raundi ya nane. Akazoea. Mazoezini akawa anawaachia wenzake wampige. Mwaka 1977, baada ya pambano na Earnie Shavers, daktari wa kambi yake, Ferdie Pacheco, aliondoka kwa sababu alisema aache na hakusikilizwa. Waliomwona Dar es Salaam Februari 1980, alipotumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye, walimwona mtu wa miaka 38. Oktoba mwaka huo huo alipanda ulingoni na Larry Holmes, amekonda na amependeza kwa dawa ya tezi ya shingo aliyokuwa akimeza, mwili hauna nguvu hata kidogo. Raundi 10 akapigwa, wasaidizi wake wa kona wakamwokoa kwa kusimamisha pambano. Mwaka 1984 akakutwa na ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wamebishana juu ya chanzo chake. Kwamba kichwa kinachopigwa miaka mingi huharibika, hilo halina ubishi.

Kichwa hakikomai, mwanangu. Shingo hukomaa, tumbo hukomaa, ngozi ya vifundo vya mkono hukomaa. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai: ukilitikisa yai, ganda linabaki zima na ndani kumevurugika. Glavu inamlinda mpigaji asivunjike vidole. Kofia ya mazoezi inazuia kuchanika nyusi, mtikisiko haiuzuii.

Hapa kwetu Zanzibar ndondi zilipigwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume, zimerudi juzijuzi tu. Sisi wa umri wangu tulivuka kwenda Bara kujifunza. Katikati pakabaki pengo, na pengo hilo limejazwa na watu waliosomea kwenye simu. Mtoto akianguka wanammwagia maji ya barafu, wanamnusisha amonia ili azinduke, wanamkanda shingo, wanamrudisha ulingoni. Naliona kwa macho yangu na linaniuma.

Kijana mmoja aliletwa kwangu kutoka kwa mtu wa namna hiyo. Alikaa kwenye benchi anafungua bendeji ya mkono. Akaifungua mpaka mwisho, akaitazama, akaanza kuifunga tena. Akaniuliza, "Mwalimu, tumeshaanza?" Tulikuwa tumemaliza. Baada ya dakika mbili akaniuliza tena. Kupigwa kwenyewe alipigwa juzi yake, mahali pengine, akaambiwa amekomaa.

Kichwa kinachokuuma siku tatu ni kichwa kilichoumia, na kila unaporudi kabla hakijapona unajiweka kwenye hatari kubwa zaidi. Usifanye sparingi tena mpaka daktari akuone, na umweleze yote, usimfiche kwamba unapiga ndondi. Begi piga, kamba ruka, ukishaacha kuumwa. Kwangu mimi aliyelazwa hagusi sparingi siku 30, hata akilia. Usimeze aspirini wala diklofenaki baada ya kupigwa kichwani, huweza kuzidisha damu kuvuja ndani.

Na nyinyi wazazi na wenzake wa barazani: kijana aliyetoka mazoezini akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akazungumza maneno yasiyofungamana, mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, au kichwa kikazidi kumuuma badala ya kupoa, msimlaze mkasema ataamka vizuri. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.