Unaulizia pauda kotingi? Soma hapa kwanza kabla hujalipa

Juzi msomaji mmoja anayejenga Casuarina, huko karibu na bahari, kaniandikia aniuliza geti lake apige rangi ya glosi ya kawaida ama alipeleke pauda kotingi, yaani rangi ya unga inayookwa kwenye oveni, maana bei imemshtua. Mimi nachomelea mageti na grili hapa Malindi, hili swali lanigusa, tena lina kidonda chake.

Kuna bwana nilimpa bei ya geti na reli za balkoni, nikamwambia weka pauda, upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya kitasa. Akanicheka mbele ya vijana wangu eti nataka kumla, kazi akampa mwengine. Haya. Mwaka haukuisha kutu inachuruzika kwenye ukuta wake mweupe, nikipita na pikipiki naiona, na yeye sasa ndiye wa kwanza kunipungia mkono!

Pauda ni unga mkavu, hauna thina. Unarushwa na bunduki yenye chaji ya umeme na chuma kimefungwa ethi, waya wa kwenda ardhini, kwa hivyo unga wajishikia wenyewe mpaka nyuma ya bomba, kisha kinaingia oveni digrii 180 mpaka 200 hivi, unayeyuka unakuwa ganda moja gumu. Michirizi ya brashi hakuna, haubanduki ovyo ukigongwa, na unga uliopita pembeni waweza kukusanywa utumike tena. Madirisha ya alumini yanakubali, hata MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, ina pauda yake ya moto mdogo.

Lakini jamani, chuma kisafishwe! Mafuta yatoke, kutu itoke, kipigwe mchanga, na huku kwetu pwani chini iwekwe praima ya zinki. Geti la nje taka pauda aina ya poliesta, ile ya epoksi jua lachakaza mpaka inatoa vumbi kama chaki. Kingo kali zipigwe msasa kwanza, kwenye ncha unga unakaa mwembamba. Mashimo yote toboa kabla, ukikata baadaye chumvi inaingia hapohapo inatambaa chini kwa chini na juu huoni kitu.

Na nyinyi vijana wa karakana, mteja akikucheka wewe usishushe bei ukaruka kusafisha, kazi mbovu itakaa barabarani na jina lako.

Kaka wa Casuarina, muulize huyo wa oveni chini anaweka nini. Akikwambia "pauda yatosha", pakia geti lako uondoke.