Tela la umeme la kubeba madumu kumi: anza na breki, mota baadaye

Anayetaka kutengeneza tela la baiskeli lenye umeme huanza kwa kuniuliza mota ya wati ngapi. Mimi namrudishia maswali: mzigo kilo ngapi, mlima ukoje, na ukishafika juu utashukaje? Mota inanunuliwa tu. Breki na mkono wa tela, yaani bomba linaloliunga na baiskeli, ndivyo vinavyomtaka fundi akae afikiri.

Niko Mwanza, mji wa mawe na vilima, na wateja wangu wakubwa ni wauza maji waliochoka kusukuma mkokoteni. Madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200. Jumlisha tela kilo 35, baiskeli 20 na mwendeshaji 65, zinakuwa 320. Kwenye barabara ya vumbi inayopanda mita 5 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, nguvu inayotakiwa kwenye magurudumu ni karibu wati 500. Mtu anayepiga pedali muda mrefu hutoa wati 80 hadi 100 hivi. Zilizobaki ni za mota, na mota inayokwenda polepole chini ya mzigo hupoteza umeme mwingi kwa joto, kwa hiyo betri itatoa kama 600. Mlima ukiwa wa mita 10 kwa 100, mahitaji yanapita 800. Vile vifurushi vya mota ya wati 250 waachie wanaokwenda ofisini na begi mgongoni.

Mota nazifunga kwenye tela lenyewe, kwa sababu uzito uko huko na tairi linashika ardhi. Gurudumu la nyuma la baiskeli ni jepesi, kwenye mchanga linazunguka bure. Natumia mota mbili za wati 350 zenye giya ndani, moja katikati ya kila gurudumu. Kwenye kona gurudumu la nje linakimbia zaidi lenyewe, huhitaji difu (giya za kugawa mwendo kati ya magurudumu). Magurudumu yawe ya inchi 20, si 26: kwa mota ileile unapata msukumo zaidi kwa karibu theluthi. Tena tela halilali kwenye kona kama baiskeli, linazibana spoku kwa ubavu, na spoku fupi nene ndizo zinazovumilia.

Sasa mkono. Natumia mabomba mawili, moja linateleza ndani ya jingine, na springi katikati. Baiskeli ikivuta, bomba linatoka nje. Tela likitaka kusukuma, iwe umeshika breki, unateremka au mota zimezidi, bomba linaingia ndani. Mwendo huo wa sentimita mbili tatu unafanya kazi mbili. Mwanzoni unabonyeza swichi ndogo, ambayo nimeiunga kwenye zile waya za kontrola (kifaa kinachotawala umeme wa mota) zinazokata umeme ukishika breki, na mota zinazima. Bomba likizidi kuingia linavuta kebo za breki za diski za tela. Mzigo ukisukuma kwa nguvu zaidi, breki nazo zinakaza zaidi, na mwendeshaji hagusi kitu. Kebo mbili zifungwe kwenye ncha za kipande kimoja cha chuma kinachocheza katikati, la sivyo gurudumu moja litabana kabla ya jingine na tela litavutwa upande. Paka grisi, kisha vika maungio kipande cha tyubu kuukuu vumbi lisiingie.

Bila mpango huo, mota za nyuma zitaisukuma baiskeli katikati ya kona, na baiskeli itajikunja kando kabla hujasema lolote. Tatizo lake ni moja: ukirudisha tela nyuma, breki zinakamata. Toboa tundu la pini ya kuzuia bomba lisiingie, na pini ifungwe kamba ya rangi kali ili mwendeshaji asiisahau mahali pake akiondoka.

Usidharau ekseli za mota. Zina bapa mbili, yaani pande mbili zilizochongwa zikawa tambarare, na nati pekee haitoshi kuzishika. Ekseli ikizunguka inasokota waya zinazotoka ndani yake hadi zikatike. Mimi nakata tundu kwenye bamba la chuma cha milimita 6, namalizia kwa tupa hadi bapa zikae bila kucheza. Gurudumu lishikwe pande zote mbili, maana ekseli iliyoshikwa upande mmoja itapinda.

Betri ya lithiamu ya volti 48 na Ah 20 (ampea-saa) ina karibu Wh 960 (wati-saa). Safari ya kilomita moja inayopanda mita 50 na mzigo wote inakula 75 hadi 100, kwa hiyo hesabu safari saba au nane bila kuimaliza kabisa. Betri za risasi ni rahisi kununua, lakini ni mzigo juu ya mzigo, na ukizoea kuzimaliza chaji kabisa zitakufa mapema.

Kiungo cha mkono na baiskeli kiwe chini, usawa wa ekseli ya nyuma ya baiskeli, kamwe si kwenye bomba la kiti. Panga mzigo ili ukiinua mkono wa tela lililojaa usikie kilo 10 hadi 15. Ukiwa mwepesi kuliko hapo, tela litayumba. Na madumu yajazwe hadi shingoni, kwa sababu maji ya nusu dumu hucheza kwenye kona.