Kupunguza Ukubwa wa PDF Kunaanzia kwenye Skana

Katika steshenari yangu hapa Nyegezi, Mwanza, ambako wateja wengi ni wanafunzi wa chuo na vijana wanaoomba kazi, kila siku huja mtu ambaye PDF yake imekataliwa na mfumo wa maombi kwa kuwa ni kubwa mno. Kabla ya kugusa programu yoyote, mimi huuliza kama hati hiyo ilichapwa au iliskaniwa. Barua iliyoandikwa kwenye Word na kuhifadhiwa moja kwa moja kama PDF kwa kawaida huwa nyepesi, kwa sababu ndani yake mna herufi. Cheti kilichoskaniwa ni picha, na picha ndiyo yenye uzito.

Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha yenye nukta zaidi ya milioni 8, na ukishusha hadi 150 hubaki robo yake, si nusu, kwa kuwa upana na urefu hupungua kwa pamoja. Kwa hiyo, kama karatasi unayo, iskani upya kwa 150, na kama haina muhuri wala picha ya rangi, chagua kijivu. Sijaona njia inayoshinda hiyo.

Ikiwa karatasi haipo, tumia Ghostscript, programu ya bure isiyohitaji intaneti. Mpangilio wake wa ebook hushusha picha hadi nukta 150, na ule wa screen hadi 72. Huo wa pili siushauri kamwe kwa vyeti, maana maandishi madogo yanayozunguka muhuri wa mwanasheria hugeuka ukungu wa bluu, na mhakiki hawezi kusoma jina la aliyethibitisha. Ukimaliza, kuza ukurasa hadi asilimia 200 usome muhuri na namba ya mtihani. Kuzipu hakusaidii sana, kwani picha hizo tayari zimebanwa.

Tovuti za kupunguza PDF ni rahisi, lakini kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa nakusihi usivipeleke huko, kwa kuwa unavikabidhi kwa kompyuta ya mtu usiyemjua. Tunza pia faili la awali, na kila unapotaka ukubwa mwingine anzia hapo, kwa sababu picha iliyokwisha kupunguzwa ikipunguzwa tena hupoteza ubora usiorudi.