Ufa wa upinde: tazama unakoelekea kabla ya kushika gundi

SWALI: Nimechonga upinde wa mti wa mkole, urefu futi tano na nusu. Wiki tatu baadaye umetoa nyufa ndogo mgongoni, kufuata urefu wa mti. Tumboni, kwenye mkono wa chini wa upinde, nako kuna vistari vyembamba vilivyokaa kimkingamo. Nikiupaka gundi naweza kuendelea kuutumia? – Msomaji, Singida

JIBU: Una hitilafu mbili, na gundi inatibu moja tu.

Tuanze na nyufa za mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha. Ufa unaofuata nyuzi za mti na kuishia katikati kwa kawaida ni wa ukavu, na haudhuru sana. Vua upote, yaani kamba ya upinde. Puliza vumbi litoke, kisha uukunje upinde kidogo kwa mikono ili ufa ufunguke. Dondoshea supagluu nyepesi, ile inayotiririka kama maji. Nzito hukaa juu tu. Achia, ngoja ikauke, rudia mara mbili au tatu mpaka ufa uache kunywa. Malizia kwa msasa namba 220, kwa mkono mwepesi, maana ukikata nyuzi za mgongoni umefungua mlango wa kibanzi kuinuka. Usizibe kwa unga wa mbao: unaziba mdomo wa ufa, ndani kunabaki wazi.

Kama kibanzi kimeshainuka, tia gundi chini yake, kikandamize, kisha zungushia uzi wa fundi viatu, mzunguko ukigusana na mwenzake, ukipita kila ncha ya ufa kwa sentimita 2 au 3. Lowesha uzi wote kwa gundi. Ukitumia epoksi ya kuchanganya, upinde upumzike saa 24. Ukano wa mnyama ni mzuri zaidi, kwa kuwa hujikaza unapokauka, ila unahitaji siku kadhaa.

Ufa uliokwenda mshazari na kutokea ubavuni ni habari nyingine. Upinde huo usiuvute tena. Unaweza kukatika ukiwa mbele ya uso wako.

Sasa vile vistari vya tumboni, yaani upande unaokutazama wewe unapovuta, ambavyo ndivyo vinavyotutia wasiwasi. Hapo nyuzi za mti zimepondeka kwa kubanwa, na gundi haiwezi kuzirudisha. Sababu yake ni kwamba sehemu hiyo ni dhaifu, inajikunja kuliko jirani zake. Usiikwangue hiyo! Kwangua tumbo upande wa juu na wa chini yake, kwa kisu au kipande cha kioo, mpaka mkunjo ugawane sawa. Kila baada ya kukwangua, vuta nusu tu mara 20 hadi 30, uangalie umbo, kisha ongeza sentimita 5. Upinde utapungua nguvu, na hilo huna budi kulikubali. Vistari vikigusika kwa ukucha, anza kuchonga mwingine.

Kwa huo mwingine, usiharakishe mti. Ncha hupoteza maji upesi kuliko ubavu, ndiyo maana hupasuka. Zipake rangi ya mafuta au nta siku ileile ya kukata. Anika kivulini penye upepo, pima uzito kila wiki, na usichonge hadi ukamilifu kabla mizani haijaacha kushuka.